Mlango wa jiko la moshi: ninayoyajua baada ya kukata mapipa Busia

Watu wakija kutaka jiko la moshi, lile la pipa la kubanikia nyama au samaki, swali la kwanza ni bei, la pili ni linaingiza kilo ngapi. Mlango hakuna anayeuliza. Na mimi nawaambia hapohapo, kaa kwanza tuongee mlango, maana pipa lilishatengenezwa kiwandani, kazi yangu iliyobaki ni chimni, mahali pa moto na mlango, na katika hizo tatu ni mlango ambao utaushika kila siku unayopika, na ndio utakaokula kuni zako ukiwa mbaya.

Niko Busia upande wa Uganda, kazi zetu nyingi ni mageti, madirisha, bodi za trela zinazokuja zimechanika, mikokoteni. Majiko ya moshi yalikuja polepole, kwanza kina mama wa samaki wa Majanji kule ziwani, baadaye wenye joint za muchomo, yaani nyama choma, na za nguruwe, siku hizi hata mtu tu wa nyumbani ameona video kwenye simu anataka la kwake nyuma ya nyumba. Nimetengeneza mapya na nimerekebisha mengi sana yaliyotoka kwa mafundi wengine, na hayo ya kurekebisha ndiyo yaliyonifundisha zaidi, kwa sababu jiko likirudi karibu kila mara shida iko mlangoni.

Mama mmoja wa samaki aliniletea lake juu ya pikapu akaniambia, mwanangu, hili jiko linanila kuni na samaki wanaungua upande mmoja, moto siuwezi kabisa. Nikamwambia mama, tusubiri giza liingie. Usiku nikaweka tochi ndani, nikafunga mlango, tukazunguka. Mwanga ukatoka mstari mzima chini ya mlango, pengine kidole kilipita. Akasema, mbona moshi ulikuwa hautoki huko? Hapo ndipo penye jambo lenyewe na nataka nilieleze vizuri, kwa sababu watu wengi wanaangalia moshi unaotoka wakati hatari ni hewa inayoingia.

Iko hivi, hewa ya moto inapanda. Chimni inavuta juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya jiko inanyonya. Ukiacha mwanya chini ya mlango hutaona moshi hapo hata kidogo, utaona pako safi, kumbe hewa inaingia kwa nguvu inaenda kulisha moto, unafunga kile kidirisha cha hewa cha mahali pa moto na moto bado unawaka tu, kwa sababu una kidirisha kingine kikubwa ambacho hukukijua. Mwanya ukiwa juu ya mlango ni kinyume, moshi unatoka hapo unakuwa chimni ya pili, na moshi unapita njia fupi hauzunguki kwenye nyama. Kwa hiyo mwanya wa juu unapoteza moshi na mwanya wa chini unakunyang'anya moto. Nyama ya kubanika polepole inataka kati ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi, masaa mengi, na huwezi kukaa hapo kama hewa inaingia usikotaka.

Sasa kukata. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo mlango unapoharibika, kabla hata haujawa mlango.

Pipa la lita 200 lina kipenyo kama sentimita 57 na urefu kama 88, bati lake ni jembamba, karibu milimita moja tu. Na lile bati lilikuwa bapa likakunjwa kwa nguvu likawa duara, na ile nguvu haikutoka, imefungiwa mle. Siku unapopitisha grainda ukamaliza pande zote nne kwa mkupuo mmoja, kipande kinaruka, kinabadilika umbo, kingine kinafunguka kidogo kingine kinajikunja zaidi, na tundu lenyewe kwenye pipa nalo linasogea. Ukirudisha kipande mahali pake hakikai. Fundi anachukua nyundo, anagonga, kona moja inakaa ya pili inanyanyuka, mwisho anaweka komeo kubwa kulazimisha. Nimeona mengi hivyo.

Dawa yake ni mpangilio. Mimi nachora mlango wote kwa chaki kwanza, alafu kabla ya kukata chochote nachukua flatbaa, kile chuma bapa kirefu kama ukanda, ya milimita 25 kwa 3 naipinda juu ya pipa lenyewe likiwa zima, ili ipate mkunjo wa pipa hilohilo. Hiyo ndiyo itakuwa kingo za mlango. Baada ya hapo nakata mstari wa upande wa hinji peke yake, nachomelea hinji hapo hapo, mlango bado umeshikwa pande tatu. Alafu nakata pande mbili za ubavuni na upande wa chini lakini kona zote naziacha, kila kona kama upana wa vidole viwili haijakatwa, mlango unaning'inia kwa hizo kona. Sasa ndio nachomelea flatbaa kwenye mlango, nusu ya upana wake iko juu ya mlango, nusu inalalia pipa tu. Ikishashika vizuri na kupoa kabisa, ndipo namalizia kona. Mlango ukitoka hapo hauendi popote, flatbaa imeshauambia ukae hivyo na hinji imeshaupa njia.

Kuchomelea nako usiende mstari mrefu. Bati la milimita moja linatoboka haraka na moto wa rodi unalivuta. Rodi za milimita 2.5, moto mdogo, napiga kipande kifupi kona hii naruka kona ile, narudi katikati, naacha lipoe nanywa chai, narudi tena. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa anaona nachelewa, akaniuliza, boss kwa nini tusimalize upande mmoja twende mwingine? Nikamwachia afanye hivyo kwenye bati la skrepu alafu akaweka rula juu yake. Sasa hivi yeye ndiye anayewakemea wengine.

Disiki ya kukatia chukua ile nyembamba ya milimita 1, siyo ya 3. Unene wa disiki ndio mwanya wako. Lakini pia usitafute mwanya wa sifuri, chuma kikipata moto kinatanuka, mlango wa sentimita 60 ukitoka joto la asubuhi ukafika nyuzi 135 unaongezeka karibu milimita 0.8, na upande wa mahali pa moto unapata joto zaidi ya upande wa chimni kwa hiyo havitanuki sawa. Ule upana wa disiki nyembamba unatosha kupumulia, chini ya hapo mlango utakuja kukwama katikati ya kupika na nyama iko ndani.

Kitu kingine cha pipa ambacho watu wanakisahau ni zile mbavu mbili zinazozunguka. Mlango wa pipa lililolala unakata mbavu zote mbili, na flatbaa ikifika kwenye ubavu haiwezi kulala, inanyanyuka na unapata matundu manne, mawili juu na mawili chini. Nakata flatbaa vipande vitatu na pale kwenye ubavu nachomelea kipande kidogo nilichokipinda kufuata ule ubavu. Kazi ya kuchosha lakini usipoifanya zile ndizo sehemu mwanga wa tochi utatokea. Na ule mshono mrefu wa pipa, ule uliounganishwa kiwandani, ugeuze uwe nyuma au chini, usipitishe mlango juu yake. Ncha za pipa pia usizisogelee sana, acha sentimita 7 hivi kila upande, la sivyo pipa linalegea na mlango mzuri juu ya pipa lililolegea hauna maana.

Upande wa hinji flatbaa haiwezi kukaa nje kama pande nyingine, maana ukifungua itagonga pipa. Hapo naiweka ndani, nimeichomelea kwenye pipa, inatokeza chini ya mlango kama kitako na mlango unakuja kuikalia. Mafundi wengi upande huo wanauacha wazi wanasema hinji itaziba. Hinji haizibi kitu. Na huo upande ndio uko juu kabisa ambako moshi unataka kutokea.

Kuhusu mlango ufunguke wapi, kwa pipa lililolala napendelea ufunguke juu, mstari wa hinji nauvusha utosi wa pipa kidogo kwenda nyuma. Faida yake ni kwamba mlango unajifunga kwa uzito wake mwenyewe, unalala juu ya kingo zake zote, na ukiufungua ukavuka nyuma unatulia hapo haurudi kukuponda kichwa. Nyuma naweka ango, chuma cha pembe, ya kuukinga au mnyororo, kwa sababu mlango ukiachwa uanguke nyuma kila siku hinji zinachoka na ukishuka chini hata milimita mbili umeharibu kazi yote. Ukingo wa chini wa mlango nauweka chini ya wavu kidogo, vidole viwili, ili wavu uvutwe nje bila kuinamisha nyama, lakini usishuke zaidi maana mafuta yanayodondoka yatapata njia ya nje.

Mafuta na yale maji ya moshi yanashuka kwa ndani ya mlango. Watu wanaona mistari myeusi nje ya pipa wanadhani ni uchafu wa kawaida, ni maji yanayotembea kwenye mlango, yanafika ukingoni yanapita nyuma ya flatbaa yanatoka. Nachomelea kidomo kidogo kwa ndani, sentimita moja na nusu juu ya ukingo wa chini, kinaelekea ndani na chini, matone yanadondokea ndani ya pipa. Kitu kidogo hicho mwenye joint mmoja hapa mjini aliniambia ndicho kilichomfanya aweze kuweka jiko mbele ya wateja.

Uzito. Bati la milimita moja lina kama kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mlango wa pipa pamoja na flatbaa zake unafika kilo tano hivi, mama yeyote anauinua kwa mkono mmoja. Lakini wengine wanataka jiko la bomba nene, bati la milimita 4, hapo mlango huohuo unapita kilo 12 bila kuhesabu flatbaa wala mpini, na mtu anauinua huku uso uko juu ya moshi wa moto. Huo lazima uwekewe uzito wa nyuma, fimbo inatoka kwenye mlango inapita juu ya hinji, mwisho wake chuma chochote kizito cha skrepu, gia ya zamani inafaa sana. Unaongeza unapunguza mpaka mlango ukae mahali popote utakapouachia, lakini ukiwa umefungwa ubaki na uzito wa kutosha kukalia kingo.

Komeo nilijifunza kwa kuangalia kontena. Hapa mpakani malori yanapanga foleni na sisi tunayatengeneza, kwa hiyo mlango wa kontena nimeuangalia kwa karibu sana. Ile fimbo ndefu ya kusimama, ukizungusha mpini, inageuka na ile midomo ya juu na ya chini inauma na kuuvuta mlango ndani. Haibani katikati, inabana kwenye ncha. Jiko la moshi la kabati, lile la kusimama la samaki, mlango wake ni mrefu na ukiweka komeo moja katikati kona za juu na chini zinafunguka zenyewe chuma kikipata moto. Kwa hiyo natengeneza fimbo kama ya kontena kwa nondo na vipande viwili vya bati nene, mpini mmoja unafunga juu na chini kwa pamoja. Kwa pipa la kulala huhitaji hata komeo, uzito unatosha, labda ukilisafirisha.

Na hao wa samaki wana hitaji lao ambalo mtu wa nyama hana. Samaki mbichi anatoka na maji mengi, ngege au sangara, na hatua ya kwanza ni kumkausha ngozi kwa moto mdogo huku mvuke ukitoka, ukifunga jiko lote mapema samaki anachemka, nyama yake inalegea na anadondoka kwenye wavu. Kina mama walikuwa wanaegesha mlango kwa jiwe au kijiti cha kuni, na upepo wa ziwa unaupiga. Nikaweka meno mawili kwenye komeo, jino la kwanza linashika mlango ukiwa wazi upana wa kidole, jino la pili linafunga kabisa. Hatua ya mvuke jino la kwanza, ngozi ikikauka unahamia la pili unaongeza kuni. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kuweka kwenye jiko hicho ndicho nakiamini zaidi, na wazo lilitoka kwa kuwatazama wao wakifanya kazi na lile jiwe lao.

Mpini usiuchomelee moja kwa moja kwenye mlango. Weka miguu miwili ya nondo ya sentimita kama 8, mpini wa mbao uwe mbali na bati. Na uweke pembeni mwa mlango, usiuweke katikati kabisa, kwa sababu mlango wa kufunguka juu ukiinuliwa joto lote linatoka mbele na kupanda, mkono uliopo katikati unakutana nalo. Fundisha na wateja wako kufungua kidogo kwanza, uhesabu pumzi mbili, ndipo ufungue wote. Moto uliokuwa unafukuta bila hewa ukipewa hewa ghafla unaruka, na kama kuna mafuta chini unaruka vibaya.

Kuhusu gasketi, ile kamba au mpira wa kuziba ukingo wa mlango, naulizwa sana. Msimamo wangu ni kwamba mlango uliokatwa kwa mpangilio huo haudai gasketi, na ile mianya midogo kama unywele inajiziba yenyewe kwa masizi na mafuta ukishapika mara kadhaa. Ukitaka lazima, kuna kamba ya nyuzi za kioo kama ile ya milango ya oveni za mikate. Mpira wa mlango wa gari au wa kontena hapana, unayeyuka na harufu yake inaingia kwenye nyama. Na kuna watu bado wanauza kamba za zamani za asbesto zilizotolewa kwenye mitambo, nawaomba sana hiyo msiiguse, vumbi lake linaua mapafu, na pale utaiweka juu ya chakula.

Vilevile hinji na bolti za mabati, zile zinazong'aa za dukani, usizichomelee ukaweka ndani ya jiko. Ile zinki ukiichoma kwa rodi moshi wake mweupe unakupa homa usiku huohuo, fundi yeyote aliyechomelea mabati anajua. Natengeneza hinji zangu za kawaida za geti, bomba na nondo, chuma cheusi. Grisi siweki maana inayeyuka inatiririka, naweka mafuta ya kupikia tone moja. Pipa lenyewe nachukua la mafuta ya kupikia tu. La dawa za shamba au kemikali silikati hata mteja akija nalo mwenyewe akasema amelichoma mara ngapi, na la petroli au dizeli lina mvuke ndani ambao cheche za grainda zinaweza kuulipua, watu wameumia hivyo. Hata hilo la mafuta ya kupikia naliosha na sabuni na maji moto, alafu likishakuwa jiko nawasha moto mkubwa ndani mpaka rangi na lile koti la ndani vimeungua vyote, nakwangua, napaka mafuta ya kupikia nawasha tena.

Kupima nimesema tochi, lakini tochi inakuonyesha mwanya mkubwa tu. Nikitaka kujua zaidi napaka chaki yenye maji kwenye kingo za flatbaa, nafunga, nafungua. Palipogusa pipa linabaki na alama nyeupe, pasipogusa hapana. Hapo nagonga taratibu na nyundo ya mpira flatbaa peke yake, siyo mlango. Karatasi nayo ni nzuri, banisha karatasi ukingoni uivute, ikitoka bila kugoma pale pana kazi. Fanya pande zote, na fanya tena jiko likiwa la moto, kwa sababu mlango wa baridi na mlango wa moto ni vitu viwili, nimeona ulioshika vizuri asubuhi ukafungua kona mchana.

Kipimo cha joto watu wanapenda kukiweka katikati ya mlango kwa juu kwa sababu kinapendeza. Juu kuna joto kuliko wavuni ambako nyama ipo, kwa hiyo kinakudanganya, na kila ukifungua mlango ukaugonga nyuma kinapata mshtuko mpaka sindano inahama. Pipa lina matundu mawili ya vifuniko upande mmoja, dogo lile la robo tatu ya inchi ukiligeuza likae usawa wa wavu linapokea kipimo vizuri sana, na mlango unabaki mwepesi.

Mwisho pini za hinji, zifanye za kuchomoa. Nondo yenye kichwa juu na tundu la waya chini, unachomoa mbili unabeba mlango. Wa samaki wanaosha majiko yao mara kwa mara, na mlango unaotoka unasuguliwa pande zote mbili pamoja na kile kidomo, na siku flatbaa ikipinda mtu anapanda bodaboda na mlango peke yake kuja kwangu, jiko linabaki Majanji.